Barabara ya Mtaa Huamuliwa Wapi

Mtoto akigongwa na bodaboda mtaani, akishafikishwa hospitali vijana huanza kutafuta mawe, mchanga na mfuko wa saruji. Kufikia jioni tuta limesimama, limejengwa kwa mkono, kutoka ukingo hadi ukingo. Bodaboda zinapunguza mwendo na watu wanashukuru. Kisha masika yanaingia. Maji yanayoteremka kutoka juu ya mtaa yanafika kwenye tuta, yanakosa pa kupita, yanageukia uani kwa jirani wa upande wa bondeni. Jirani anachukua sururu. Mama wa mtoto anatoka nje kulilinda tuta. Mwenyekiti wa mtaa anapigiwa simu, anafika, anakuta watu wawili ambao wote wana haki, na mbele yao kuna jambo ambalo yeye hana mamlaka ya kuliamua.

Katika kazi ya mipango miji hapa Dar es Salaam magomvi ya namna hii hayaishi. Kuna gari linalolala nje ya geti la mwenzake, ngazi za fremu zilizotokeza barabarani, turubai la msiba lililofunga njia siku tatu, meza ya mama anayeuza nyanya, kijiwe cha bodaboda chini ya mwembe. Kila ugomvi una chanzo chake, lakini kosa linalojirudia ni lilelile. Wananchi hugombana mahali ambapo uamuzi haufanyiki, na siku unapofanyika hawapo.

Tuanze na mamlaka, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Kijijini, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, halmashauri ya kijiji ni chombo kamili. Inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na kutunga sheria ndogo zinazopitia mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mtaa wa mjini, ulio chini ya Sheria Na. 8 ya mwaka huohuo, haukupewa nguvu hizo. Una mwenyekiti aliyechaguliwa, una kamati, una mkutano wa wakazi, una afisa mtendaji aliyeajiriwa na halmashauri, ila hauwezi kutunga sheria ndogo. Mwenyekiti anayetangaza faini ya shilingi 50,000 kwa atakayeegesha lori mtaani anatangaza kitu kisichosimama mahakamani.

Barabara nayo ina wenyewe. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya wakala wa barabara, TANROADS. Zile za wilaya na mitaa zilikuwa mikononi mwa halmashauri mpaka Julai 2017, wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, ulipoanza kazi. Kwa hiyo tuta, kalvati na mtaro wa barabara ni suala la TARURA, wakati leseni za biashara, taka na maeneo ya wafanyabiashara wadogo ni suala la halmashauri. Yule mama na jirani yake wangeanzia hapo. Tuta linalojengwa kitaalamu huachiwa nafasi pembeni au hupitishiwa bomba chini ili maji yaendelee na safari yake, na wote wawili wangepata walichokitaka.

Je, mkutano wa mtaa hauna maana? Una maana kubwa, kwa sababu ndipo safari ya uamuzi inapoanza. Kinachoazimiwa pale huandikwa kwenye muhtasari, kikapelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe wake. Kutoka kata huingia kwenye kamati za kudumu za halmashauri, hasa ile ya mipango miji na mazingira, na mwisho kufika Baraza la Madiwani. Gari la safari nzima ni ile karatasi ya muhtasari. Mihtasari mingi inasema tu kwamba wananchi walilalamikia ubovu wa barabara, kisha mkutano ukafungwa kwa sala. Azimio la hivyo haliwezi kupanda ngazi yoyote. Halisemi barabara ipi, kipande kipi, nani anaombwa afanye nini na kabla ya lini. Diwani akiulizwa kwenye baraza kata yake inataka nini, hana cha kushika mkononi. Muhtasari unaotaja kipande cha barabara, idadi ya waliohudhuria, kura za waliokubali na waliokataa, na taasisi inayoombwa kutekeleza, huo hauwekwi kando kirahisi.

Kuna mlango mwingine ambao wananchi hawautumii kabisa. Halmashauri ya mji ikitaka kutunga sheria ndogo, iwe ya maegesho, ya usafi au ya biashara ndogondogo, inapaswa kwanza kuwatangazia wakazi kusudio lake na kupokea pingamizi. Kisha sheria hiyo huenda kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kuidhinishwa, na hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Mikutano ya Baraza la Madiwani pia huwa wazi kwa wananchi. Majirani zetu Kenya wameliweka jambo hili kwenye Katiba ya 2010. Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti liendeshe shughuli zake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Kwetu tangazo hubandikwa kwenye ubao wa halmashauri, linapigwa jua, muda wa pingamizi unapita, na kelele zinaanza siku mgambo wanapokuja kuchukua meza za wachuuzi.

Lakini uamuzi mzito kuliko yote kuhusu barabara ya mtaa hufanyika siku ya mchoro. Sehemu kubwa ya makazi ya Dar es Salaam ilijengwa kabla ya kupangwa, na sasa inarasimishwa mtaa kwa mtaa. Mpanga miji na mpimaji wakimaliza kuchora, mchoro hubandikwa ofisi ya mtaa ili wakazi waukague. Watu humiminika. Kila mmoja anatembeza kidole mpaka akipate kiwanja chake, anahakiki jina, anahakikisha choo cha nje hakijakatwa, anaondoka. Ile mistari miwili inayopita mbele ya viwanja vyote haiulizwi na mtu. Kumbe hiyo ndiyo barabara, na mchoro ukishaidhinishwa upana wake ndio huo. Kuja kuipanua baadaye ni kuvunja nyumba na kulipa fidia.

Tuupime huo upana. Barabara ya mita nne inaonekana inatosha ikiwa tupu. Egesha gari dogo moja, lenye upana wa karibu mita 1.75, zinabaki mita 2.25. Mwenye duka wa upande wa pili akiongeza ngazi za nusu mita, inabaki mita 1.75. Bajaji inapita. Gari la wagonjwa halipiti, na la zimamoto, linalotaka mita tatu na nusu hivi, halifikirii hata kuingia. Wanaogoma kutoa mita moja ya ua wakati wa urasimishaji wanatetea ardhi waliyoinunua kwa jasho, na ninawaelewa. Bado nasema watoe. Nyumba isiyofikiwa na gari la zimamoto haiokolewi na ua mpana.

Kuhusu wachuuzi wa barabarani, yaani wamachinga, nina msimamo. Desemba 2018 Rais Magufuli alianza kuwagawia vitambulisho vya shilingi 20,000, na wakaruhusiwa kukaa karibu kila mahali. Oktoba 2021 wakaamriwa kuondoka barabarani na kwenda maeneo waliyopangiwa. Maamuzi yote mawili yalitoka juu, yakashushwa mpaka mtaani kutekelezwa. La kwanza lilimsahau anayetembea kwa miguu, maana Kariakoo mtu alilazimika kushuka katikati ya barabara akapishane na magari. La pili lilimsahau mnunuzi, ambaye hununua njiani anakopita na hafuati bidhaa kwenye soko lililo mbali na kituo cha daladala. Haikushangaza kwamba wachuuzi wengi walirudi. Mimi ningeanza na mtembea kwa miguu, pamoja na anayetumia kiti cha magurudumu. Apimiwe njia yake kwanza na ichorwe kwa mstari wa rangi. Nafasi inayobaki igawanywe kwa wachuuzi kwa saa na kwa namba, kwa makubaliano ya mtaa husika, halafu halmashauri iyape makubaliano hayo nguvu ya sheria ndogo. Kazi hiyo ni ya polepole na inataka vikao vingi, lakini haihitaji mgambo kila Jumatatu.

Na vikao hivyo avihudhurie nani? Kwa kawaida ukumbi hujaa wenye nyumba wazee. Mama lishe yuko jikoni saa hizo, kijana wa bodaboda yuko barabarani, na mpangaji amebaki nyumbani akisema yeye ni mpangaji tu. Hapa sheria iko upande wake. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, awe amejenga au amepanga chumba kimoja. Anayepita pale kila asubuhi akiwa na mtoto mgongoni ana sauti sawa na mwenye ghorofa. Wenyeviti wanaoitisha mikutano saa za kazi wanajua watakaokosa, na wanapaswa kuambiwa hivyo waziwazi.

Msomaji, nenda ofisi ya mtaa wako wiki hii. Omba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo lenu na muhtasari wa mkutano uliopita. Kama barabara mliyoilalamikia haimo, lipeleke jambo hilo kwenye mkutano ujao liandikwe kama azimio, likiwa na mahali, taasisi na tarehe. Kisha mfuate diwani umuulize limefika kikao gani.