Fidla ya kale, maumivu ya leo: Namna mpigaji anavyoweza kulinda shingo, mikono na masikio

Je, msomaji, umewahi kupita jioni katika mtaa wa Jamhuri, kando ya Barabara ya Ngong, ukasikia sauti ya fidla ikitoka kwenye dirisha la ghorofa? Huenda ulisimama kidogo ukafurahia. Jambo ambalo hukuliona ni kwamba mpigaji, kila baada ya dakika chache, huweka upinde mezani, akajikanda bega la kushoto, akakunja na kukunjua vidole, kisha akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Watu wengi hudhani kuwa kazi inayoumiza mwili ni ile ya kubeba mawe au kuchimba mitaro. Fidla, ambayo uzito wake ni takribani nusu kilo, itamdhuru nani? Wiki hii tutaeleza kwa nini chombo hiki chepesi hupeleka watu hospitalini, hasa wale wanaopiga muziki wa zamani uitwao baroki, na jinsi ya kujikinga.

Muziki huu ni upi?

Baroki ni muziki wa Ulaya wa kati ya mwaka 1600 na 1750 hivi. Watunzi wake mashuhuri ni Antonio Vivaldi wa Italia, Johann Sebastian Bach wa Ujerumani, na George Frideric Handel, Mjerumani aliyehamia London. Hata kama hujui majina hayo, muziki wenyewe unaujua. Kwaya nyingi za makanisa yetu huimba "Haleluya" ya Handel wakati wa Krismasi na Pasaka. Imo katika utunzi wake mkubwa, Messiah, ulioimbwa hadharani mara ya kwanza mjini Dublin mwaka 1742.

Huko Ulaya kuna wapigaji ambao kazi yao ni muziki huo tu, nao huupiga kwa vyombo vya namna ileile iliyotumika zamani. Mfano ni kundi la Orchestra of the Age of Enlightenment, lililoundwa London mwaka 1986. Nyuzi za fidla zao hutengenezwa kwa utumbo wa kondoo, nazo hulegezwa hadi sauti ikashuka nusu hatua chini ya sauti ya kawaida ya leo. Pia fidla hizo hazina kibao cha kuwekea kidevu.

Hapa Nairobi mambo ni tofauti. Anayepiga Bach asubuhi huwa ni mwalimu mchana na mpigaji wa harusi Jumamosi. Wengine walifunzwa katika Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa mwaka 1944. Wengine walianzia Ghetto Classics, mradi uliozaliwa Korogocho mwaka 2008, na wengine walishindania vikombe katika Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo historia yake inarudi hadi mwaka 1927. Na kwa sababu mitihani ya muziki mara nyingi huwa na vipande vya Bach, Handel au Vivaldi, karibu kila mtoto anayejifunza fidla mjini hupitia baroki, apende asipende.

Kwa nini mwili huuma?

Mwaka 1700, enzi hiyohiyo ya baroki, daktari Mwitalia aitwaye Bernardino Ramazzini alichapisha mjini Modena kitabu kuhusu magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali. Akieleza maradhi ya makarani, katika toleo alilolipanua mwaka 1713, alitaja sababu tatu: kukaa mno, kurudia mwendo uleule wa mkono bila kukoma, na akili kukazwa wakati wote. Miaka zaidi ya 300 imepita, na sababu hizo tatu zinamfaa mpiga fidla wa Nairobi kama zilivyowafaa makarani wa Italia.

Hebu jaribu mwenyewe. Inua mkono wa kushoto kama unayeshika fidla, ugeuze kiganja kikutazame, ukunje kiwiko na kukivuta kuelekea kifuani. Sasa inamisha kichwa upande wa kushoto, ubane kidevu. Kaa hivyo dakika tano. Bega litaanza kulalamika. Mpigaji hukaa hivyo saa tatu, nne au tano kwa siku, huku vidole vyake vikienda mbio na mkono wa kulia ukivuta na kusukuma upinde maelfu ya mara. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, na misuli ya shingo ndiyo inayoubeba kikiinama.

Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1988, wanamuziki zaidi ya 2,000 wa okestra waliulizwa kuhusu afya zao. Asilimia 76 walisema wana angalau tatizo moja la kiafya lililokuwa zito kiasi cha kuathiri upigaji wao. Hao walikuwa watu wa mshahara. Mpigaji wetu wa kibarua asipopiga hali, kwa hiyo hupiga hata akiumwa.

Maradhi yanayowapata zaidi

Kuvimba na kuchoka kwa kano. Kano ndizo kamba zinazounganisha misuli na mifupa. Zikitumika kupita kiasi huuma kwenye kifundo cha mkono, kiwiko na bega. Mara nyingi maumivu huanza wiki chache kabla ya mtihani au tamasha, pale mtu anaporuka kutoka mazoezi ya saa moja hadi saa nne kwa ghafla.

Kubanwa kwa neva. Ukihisi ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, huenda neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Ikiwa ganzi iko kwenye kidole cha pete na cha mwisho, chanzo huenda kikawa kiwiko. Wapiga fidla hupata zaidi tatizo hili la pili katika mkono wa kushoto kwa sababu kiwiko chao hukaa kimekunjwa muda mrefu.

Shingo, taya na ngozi. Anayebana fidla kwa nguvu huumwa na shingo na taya, na wakati mwingine kichwa. Chini ya taya la kushoto hutokea alama nyeusi au nyekundu, yenye vipele au ukurutu, inayoletwa na msuguano, jasho na uchafu. Wengine huwa na mzio wa madini ya nikeli yaliyo katika vyuma vya kibao cha kidevu. Alama hiyo isikufanye umshuku mtu bure. Si dalili ya ugonjwa wa kuambukiza.

Masikio. Fidla hulia sentimita chache tu kutoka sikio la kushoto. Wataalamu wa usalama kazini husema sauti ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3, muda ugawanywe nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Fidla ikipigwa kwa nguvu hufika viwango hivyo bila shida, hasa katika chumba kidogo chenye sakafu ya vigae. Mlio wa "ngiii" sikioni baada ya mazoezi ni onyo.

Vidole kuasi. Hili ndilo wapigaji wanaloliogopa kuliko yote. Vidole hujikunja au kukataa kutii wakati wa kupiga tu, na mara nyingi bila maumivu yoyote. Mtu huyohuyo hushika kalamu au kijiko vizuri. Chanzo chake ni mpangilio wa ubongo, wala si uvivu wala kurogwa. Inakadiriwa kuwa hupata takribani mwanamuziki 1 kati ya 100 wa kulipwa. Wengi hukosea kwa kuongeza mazoezi, na hali huzidi. Huhitaji daktari wa neva na kujifunza upya polepole.

Kifua. Nywele za upinde hupakwa utomvu mkavu uitwao rozini, na unga wake huruka hewani. Mwenye pumu aupanguse kwa kitambaa chenye unyevunyevu kidogo badala ya kuupuliza. Vivaldi mwenyewe alilalamikia kubanwa na kifua tangu kuzaliwa, ugonjwa ambao wengi leo wanadhani ulikuwa pumu.

Je, fidla ya kale ni dawa?

Kuna wanaosema kwamba ukirudi kwenye mtindo wa kale, maumivu yatakwisha. Hoja yao ina ukweli kiasi. Kibao cha kidevu kilibuniwa na Mjerumani Louis Spohr karibu mwaka 1820. Kabla yake, Francesco Geminiani, katika kitabu alichochapisha London mwaka 1751, alifundisha kuiweka fidla chini kidogo ya mtulinga. Huko hakuna kubana. Shingo hunyooka, taya hulegea, na sikio hupata nafasi. Nyuzi za utumbo nazo huhitaji nguvu ndogo ya vidole.

Hata hapa kwetu, mpiga orutu wa Kijaluo na mpiga wandindi wa Kikuyu hawajui kubana chombo kwa kidevu. Mpiga orutu huegemeza chombo chake tumboni na kichwa kikabaki huru.

Hata hivyo, fidla isiyobanwa lazima ishikwe na kitu, na kitu hicho ni mkono wa kushoto. Kidole gumba sasa kina kazi mbili: kubeba na kusogea. Aliyezoea mtindo wa leo akihamia wa kale kwa siku moja, huondoa maumivu shingoni akayapeleka kwenye gumba na kifundo cha mkono. Nyuzi za utumbo pia hubadilika na hewa. Mpigaji aliyezikaza Nairobi katika ukavu wa Februari akashuka nazo Mombasa, atazikuta zimeharibika sauti, naye atapoteza muda na subira akizikaza upya. Kwa hiyo hama taratibu: dakika 10 kwa siku wiki ya kwanza, ukiongeza kidogokidogo, na mwalimu akiwa karibu.

Tahadhari kuhusu dawa

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa fidla ana wanafunzi sita, mazoezi ya kwaya Ijumaa na harusi mbili Jumamosi. Bega linamuuma. Anapita duka la dawa, ananunua vidonge vya diklofenaki, anameza, na maumivu yanatulia. Anapiga. Jumatatu anarudi dukani. Miezi mitatu ikipita, bega limeharibika zaidi kwa sababu lilikuwa likifanya kazi huku kengele ya hatari imezimwa, na sasa hata tumbo linamchoma. Dawa za aina hiyo zikitumika muda mrefu bila daktari huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Wengine humeza propranolol ili mikono isitetemeke jukwaani. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na kwa mwenye pumu inaweza kuwa hatari kwa maisha. Usipewe na rafiki.

Mambo ya kufanya

1. Pasha mwili moto kabla ya fidla. Asubuhi ya Julai mjini Nairobi ni baridi. Tembea, zungusha mabega, osha mikono kwa maji ya vuguvugu, kisha anza na sauti ndefu za polepole.

2. Piga dakika 25, pumzika 5. Weka saa mezani. Usitegemee hisia, kwani muziki husahaulisha.

3. Usiongeze mazoezi kwa ghafla. Tamasha likikaribia, soma muziki kwa macho na kuupiga akilini. Mazoezi hayo yana faida, nayo hayachoshi mkono.

4. Pima chombo. Mwenye shingo ndefu huhitaji kibao kirefu zaidi. Mtoto asipewe fidla ya mtu mzima "ili aikulie". Zipo za robo, nusu na robo tatu.

5. Beba mkoba mgongoni kwa mikanda yote miwili unapopanda matatu, badala ya kuutundika bega moja.

6. Linda masikio. Vizibo vya wanamuziki hupunguza sauti bila kuiharibu. Hata kimoja sikio la kushoto wakati wa mazoezi ni bora kuliko kutokuwa nacho.

7. Osha shingo na kibao baada ya kupiga, na uweke kitambaa safi cha pamba kati yake na ngozi.

Umwone daktari lini?

Usingoje ikiwa maumivu yanakuamsha usiku, ganzi inadumu baada ya kuacha kupiga, vitu vinakudondoka mikononi, vidole vinakataa kutii, au maumivu hayajaisha baada ya kupumzika wiki mbili. Hospitali Kuu ya Kenyatta, isiyo mbali na Barabara ya Ngong, ina wataalamu wa tiba ya viungo, na zipo hospitali nyingine mjini zenye huduma hiyo. Nenda na fidla yako. Daktari akikuona unavyoishika ataelewa mengi ambayo maneno hayatamweleza. Wewe wa kibarua pia kumbuka kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Usajili haungoji mwajiri.

Na wewe mzazi, mwanao akisema mkono unamuuma, usimwambie avumilie kwa sababu mtihani umekaribia. Mtihani hurudiwa mwaka ujao. Neva iliyoharibika huenda isirudi. Mwalimu naye asione haya kumwambia mwanafunzi, "Weka chini, pumzika." Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mpiga fidla huanza na uchungu mdogo begani jioni moja, naye huwa ndiye wa kwanza kuusikia.