Mti wa Wote, Nani Anaulinda?

Pita katika kijiji chochote cha Kibaha au Kisarawe. Utaiona mikorosho. Jaribu kukata tawi moja tu. Mwenyewe atatoka nje na kukuuliza, "Unafanya nini hapo?" Mkorosho una mwenyewe, kwa hiyo una mlinzi.

Sasa nenda kisimani. Hapo pana mkuyu mkubwa. Mtu akija na shoka, nani atamwuliza? Mara nyingi hakuna. Huyu anasema, "Si wangu." Na yule anasema, "Si wangu." Ndiyo sababu miti ya wote huisha upesi kuliko miti ya mtu mmoja.

Miti ya wote ndiyo tunayoiita miti ya umma. Ni miti ya kisimani na kando ya mito. Ni miti ya shule, ya zahanati na ya barabarani. Ni mwembe tunaokaa chini yake siku ya mkutano. Ni msitu ulio katika ardhi ya kijiji.

Sisi wa Pwani tuna tatizo kubwa kuliko wengine. Tumepakana na Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5 katika mkoa huo. Wengi wao wanapikia mkaa, na mkaa mwingine unatoka kwetu. Tena mto Msimbazi unaanzia katika vilima vya Pugu huku Kisarawe, na mto Ruvu unapita Kibaha. Miti yetu ikiisha, sisi na wao tutaumia pamoja.

KISIMA KILICHOJAA MCHANGA

Mimi ni bwana shamba. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika kijiji kimoja cha Kisarawe. Miti iliyozunguka kisima chao ilikuwa imekatwa, mmoja baada ya mwingine, kwa ajili ya mkaa. Mvua za masika zilipokuja, maji yalishuka kwa nguvu na kubeba mchanga. Kisima kikajaa mchanga. Akina mama wakawa wanatembea saa nzima kutafuta maji.

Nilifanya haraka, na hapo nilikosea. Niliandika masharti mwenyewe, nikayachapa, nikayasoma mkutanoni: ni marufuku kukata mti, ni marufuku kuchoma mkaa. Watu wakapiga makofi. Mimi nikafurahi na kurudi kwangu.

Baada ya miezi mitatu mlinzi alimkamata mtu na magunia mawili ya mkaa. Yule mtu hakuogopa. Aliuliza, "Sheria hiyo ilipitishwa na nani? Iko wapi?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Akaachiwa, akaondoka na mkaa wake. Makofi siyo sheria.

Tukaanza upya. Safari hii sikusoma kitu. Tulipita kila kitongoji, nikauliza na kusikiliza. Mama mmoja alisimama akasema, "Bwana shamba, ulitukataza kuni. Chakula tupikie mawe?" Watu walicheka, lakini alisema kweli. Mchoma mkaa mmoja naye akasema, "Watoto wangu wanasoma kwa mkaa. Mkinifungia tanuri, nionyesheni pa kushika."

Tulijadiliana mpaka jioni, siku nyingi. Mwisho wanakijiji walikubaliana hivi. Kuokota kuni kavu ni ruhusa, lakini asitumie shoka mtu. Kisimani na kando ya mto hapakatwi mti kabisa. Mahali pengine mti haukatwi ila kwa kibali. Wachoma mkaa wawe wa kwanza kupewa kazi ya malipo katika kitalu cha miche. Sitaficha, kazi hiyo haikuwatosha wote. Wengine waliendelea kulalamika.

Mtu wa kwanza kutozwa faini alikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Alikata mkwaju wa barabarani bila kibali. Watu wote walikaa kimya wakitazama. Je, naye atalipa? Alilipa, akapewa stakabadhi. Tangu siku hiyo watu walijua kwamba ile ni sheria kweli.

WENZETU WA BABATI

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Katika wilaya ya Babati kuna msitu uitwao Duru-Haitemba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilitaka kuufanya hifadhi yake. Wanakijiji hawakukubali. Walisema wanaweza kuutunza wao wenyewe. Katikati ya miaka hiyo vijiji 8 vilikabidhiwa ulinzi wake. Kila kijiji kilijitungia sheria ndogo na kuchagua walinzi wake. Mfano wao ulisaidia kuleta Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Sheria hiyo inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi katika ardhi yake.

HATUA ZA KUTUNGA SHERIA NDOGO

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Fuateni hatua hizi:

1. Halmashauri ya kijiji iandike mapendekezo. Kwanza isikilize watu wa kila kitongoji, hasa akina mama, wachoma mkaa na wafugaji.

2. Mapendekezo yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kusema. Andikeni muhtasari.

3. Mapendekezo yapitie kwenye kata, kisha yaende halmashauri ya wilaya.

4. Halmashauri ya wilaya ikikubali, hapo ndipo inakuwa sheria. Kabla ya hapo msimtoze mtu faini.

Sheria yenyewe itaje miti na mahali pake. Iseme kipi ni marufuku, kipi kinahitaji kibali, na nani anatoa kibali hicho. Itaje faini. Mwanasheria wa wilaya atawaambia kiwango kisichopaswa kuzidi. Kila faini iwe na stakabadhi, na mapato yasomwe mkutanoni. Mtu akikataa kulipa, apelekwe mahakama ya mwanzo. Asipigwe.

Kumbukeni pia kwamba sheria ya kijiji haifuti sheria ya nchi. Kabla ya kuvuna miti kama mpingo, mninga na mkongo, mwulizeni kwanza afisa misitu.

KUPANDA NA KULEA

Sheria peke yake haioteshi mti. Pandeni miche mvua zinapoanza, ardhi ikiwa imelowa. Zungusheni miiba ili mbuzi wasiile. Palilieni, na wakati wa kiangazi wekeni nyasi kavu kuzunguka shina ili unyevu usipotee. Kila mche upewe mtu wa kuutunza, na jina lake liandikwe. Wahenga walisema, "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana." Hata mti ni hivyo hivyo.

Nilirudi kijijini kwetu kule mwaka jana. Kisima kilikuwa kimechimbuliwa, na mikuyu michanga ilikuwa imenipita kimo. Mtoto mmoja aliniona nimeshika tawi. Akaniuliza, "Mzee, una kibali?"

Nilifurahi sana. Mti wa wote ulikuwa umepata mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja miti ya umma iliyoko kijijini kwako. Nani anailinda?
2. Je, kijiji chako kina sheria ndogo ya miti? Umewahi kuiona kwa macho yako?
3. Mkizuia mkaa, wachoma mkaa watafanya kazi gani?