Kicheko cha Ushindi Kilichoandikwa Ujiji

Mwanafunzi wa Mwandiga akiandika insha ya Kiingereza, aghalabu mshindi wake atacheka "ha ha ha" na alama tatu za mshangao. Msomaji huziona herufi, mtu hamwoni. Mfano bora zaidi uko jirani tu, Ujiji. Novemba 1871 Henry Morton Stanley aliingia pale na msafara wake, bunduki zikilia na bendera ya Marekani mbele, akamkuta David Livingstone, aliyekuwa akimtafuta, yu hai. Kama kuna aliyestahili kucheka kwa ushindi siku hiyo, ni yeye. Lakini katika kitabu chake cha 1872, How I Found Livingstone, hapo hacheki hata kidogo. Anataja ambayo angeyafanya kama angekuwa porini, bila wa kumwona: angejing'ata mkono kama mwehu, angepiga kichwangomba, angeicharaza miti. Kisha anaukaza uso, maana Waarabu wa mji wanamtazama, na heshima ya mzungu (ndivyo alivyofikiri) isingeruhusu. Furaha iliyobanwa hivyo ndiyo inayomfikia msomaji. Kicheko chenyewe anampa Livingstone, nacho hakiandiki kwa mlio: anasema mzee alicheka mwili mzima, tangu kichwani hadi kisiginoni, hata yeye Stanley akajikuta anacheka naye.

Wapo watakaosema Stanley ni shahidi mbaya. Kurasa za shajara yake za makutano hayo zimechanwa, na maelezo ya kicheko aliyachukua kwa Thomas Carlyle, jambo ambalo hakulificha. Ni kweli, lakini hapa hatumhoji kuhusu historia. Maelezo ambayo Carlyle aliyabuni kwa profesa wake wa hadithini yalimwenea mzee halisi wa barazani Ujiji, kwa sababu yanauonyesha mwili unaocheka na yule anayeambukizwa.

Wengine watasema Kiingereza kina vitenzi vya kutosha. Majuma machache tu baada ya Ujiji, kitabu cha Lewis Carroll, Through the Looking-Glass, kilileta neno jipya, "chortle", la baba anayeshangilia mwanawe kuua dude la kutisha. Ndicho kicheko cha ushindi hasa. Ila hata Carroll hakulituma neno hilo peke yake: kwanza baba anamwita mwana mikononi mwake, anapiga ukelele wa shangwe, ndipo kitenzi kinakuja. Na siku hizi neno hilo mara nyingi hubeba kebehi kidogo, kwa hiyo anayelitegemea peke yake huenda akamfanya shujaa wake aonekane anamcheka aliyeshindwa.