Old Cataract: Hoteli Iliyokua Pamoja na Bwawa

Hoteli ya Old Cataract iliyoko Aswan, kusini mwa Misri, hutajwa zaidi kwa majina ya wageni wake. Agatha Christie aliiingiza katika riwaya yake ya Death on the Nile ya mwaka 1937, na sehemu za filamu ya 1978 zilipigwa papo hapo. Vitabu vya watalii haviishi kuyarudia hayo. Kwa sisi tunaotathmini majengo ya kale, orodha ya wageni mashuhuri ndiyo hoja nyepesi kuliko zote. Mgeni hulala, hulipa, huondoka. Uzito wa jengo hili unatokana na mto ulio chini yake, na yale ambayo mto huo ulifanyiwa tangu hoteli ilipoanza.

Tazama tarehe. Septemba 1898 majeshi ya Uingereza na Misri yaliwashinda wafuasi wa Mahdi huko Omdurman, Sudan, na Aswan ikaacha kuwa mji wa kambi za mpakani. Mwaka huohuo reli kutoka Luxor ikafika Aswan, na kazi ya kuujengea Mto Nile bwawa kubwa ikaanza. Hoteli ikafunguliwa mwaka 1899. Kampuni ya Thomas Cook, ambayo meli zake za mvuke zilikuwa zimewapandisha watalii mtoni kwa miaka mingi, sasa ilikuwa na mahali pa fahari pa kuwafikisha. Wengi walikuja kwa ushauri wa madaktari, maana hewa kavu ya Aswan iliaminika kuwafaa wenye maradhi ya kifua na baridi yabisi. Vita, reli, bwawa na vyumba vya kulala vilifuatana kwa karibu sana, na huwezi kukieleza kimoja bila vingine.

Bwawa lile lilikamilika mwaka 1902. Ukuta wake una urefu wa karibu kilomita mbili, na ulitobolewa milango 180. Ufundi wake ulikuwa kwenye milango hiyo. Mafuriko yaliposhuka kutoka nyanda za juu za Ethiopia, yamebeba tope la rutuba, milango ilifunguliwa ili tope lipite na lisirundikane nyuma ya ukuta. Mafuriko yalipopungua ndipo milango ilipofungwa, maji yakahifadhiwa kwa ajili ya kumwagilia mashamba ya pamba wakati wa ukame. Maana yake ni kwamba bwawa lilijaa katika miezi ya baridi ya Ulaya, ambayo ndiyo iliyokuwa miezi ya wageni hotelini. Juu kidogo ya ukuta huo kilikuwepo kisiwa cha Philae na hekalu la Isis. Mgeni wa Old Cataract aliweza kunywa chai barazani, kisha akaenda kupanda mashua na kupigiwa makasia katikati ya nguzo za hekalu hilo. Waliokwenda walisifu uzuri wa mandhari. Lakini walichokuwa wakikitazama ni hekalu lililozamishwa nusu. Malalamiko ya wanahistoria yalikuwa yamesababisha kimo cha ukuta kipunguzwe tangu kwenye michoro, ila ushindi huo haukudumu: ukuta uliongezwa kimo mara mbili, kazi ya kwanza ikimalizika 1912 na ya pili 1933, na Philae ikawa chini ya maji kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Ukumbi wa chakula wa hoteli ni wa mwaka 1902 pia, umri mmoja na bwawa. Una kuba na matao marefu yenye mistari ya rangi nyekundu na nyeupe, kwa kuiga majengo ya Wamamluki wa Kairo. Ni kazi safi ya mafundi, na ningeitetea mbele ya yeyote anayetaka kuibadilisha. Hata hivyo haina asili ya Aswan. Ng'ambo ya maji tu, katika kisiwa cha Elephantine, zipo nyumba za Wanubi zilizojengwa kwa udongo. Ukumbi ule unatuonyesha jinsi Mzungu wa wakati huo alivyotaka Mashariki ionekane, na kwa sababu hiyo hasa ni ushahidi wa kuhifadhiwa.

Baraza ndiyo inayostahili kukaliwa muda mrefu. Hoteli imesimama juu ya mawe ya matale yaleyale yanayoukatakata mto hapo chini, mawe ya mviringo ambayo maji yameyalainisha mpaka yakawa meusi na kung'aa. Hapo ndipo palipo na maporomoko ya kwanza ya Nile, yaliyoipa hoteli jina lake. Mbele yako ni Elephantine, na katika kisiwa hicho kuna kipimo cha kale cha maji: ngazi za mawe zinazoshuka hadi mtoni, ukutani mwake zimechongwa alama za kusomea kimo cha mafuriko. Karne ya 19 kipimo kilikarabatiwa na kuongezewa vibao vya marumaru vyenye namba za Kiarabu. Kimo cha maji kiliwaonyesha watawala mavuno yangekuwaje na kodi itozwe kiasi gani. Tangu bwawa la pili, Bwawa Kuu la Aswan, likamilike mwaka 1970, mafuriko hayafiki tena, na kipimo hakina cha kupima. Kwa hiyo mandhari ya baraza hiyo ni sehemu ya jengo lenyewe. Ukiyaziba umeiharibu hoteli hata kama hukugusa tofali.

Mwaka 1961 liliongezwa ubavuni jengo refu la ghorofa, zege tupu, lililoitwa New Cataract. Halipendezi, na linaumiza macho ukilitazama kutoka mtoni. Lakini ujenzi wa Bwawa Kuu ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia. Kwa mara ya pili hoteli na bwawa vilikua pamoja. Ndiyo maana siungi mkono wanaotamani libomolewe.

Bwawa Kuu liliwahamisha Wanubi wapatao 50,000 wa upande wa Misri kutoka kwenye vijiji vyao, wakapelekwa Kom Ombo mwaka 1963 na 1964. (Hawa si Wanubi wa Kibera na Bombo, ambao mababu zao waliletwa kwetu na Waingereza kama askari kutoka Sudan.) Mahekalu yalipata kampeni ya UNESCO iliyoanza 1960, Abu Simbel ikakatwa vipande na kupandishwa juu kati ya 1964 na 1968, na uzoefu huo ukasaidia kuzaa Mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972. Vijiji havikukatwa wala kupandishwa. Tangu bwawa la kwanza lilipomeza mashamba yao, wanaume wengi wa Kinubi walikwenda mijini kuwa wapishi, wahudumu na mabawabu, kazi zilezile zinazoiendesha hoteli yoyote. Tathmini inayomtaja mwandishi wa riwaya na kumwacha mtu aliyembebea chai haijakamilika.

Sisi wa Afrika Mashariki tumo katika habari hii. Bwawa la Owen Falls lililofunguliwa Jinja mwaka 1954, likayazamisha maporomoko ya Ripon, lilichangiwa fedha na Misri ili maji ya Ziwa Victoria yahifadhiwe kwa ajili yake. Na kaburi linaloonekana juu ya kilima, ng'ambo ya magharibi ya Aswan, ni la Aga Khan wa Tatu, yuleyule aliyepimwa kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946.

Hoteli ilifungwa mwaka 2008 na kufunguliwa tena 2011 baada ya ukarabati mkubwa. Mwaka 2023 serikali ya Misri ilitangaza kuuza sehemu ya hisa katika hoteli kadhaa za kihistoria, hii ikiwemo. Sheria namba 144 ya mwaka 2006 inayakinga majengo ya namna hii yasibomolewe, na hilo ni jambo jema. Wamiliki wapya waongezewe masharti mengine mawili: mandhari ya kuelekea Elephantine yasizibwe, na historia ya Wanubi iandikwe ndani ya hoteli mahali ambapo mgeni ataisoma. Nawe msomaji ukijaliwa kufika Aswan, usiishie barazani. Vuka ukakione kipimo cha maji, kisha upande mwendo mfupi kutoka hotelini hadi Jumba la Makumbusho la Wanubi, lililofunguliwa mwaka 1997.