Kibanja cha Buhaya

Msafiri wa Kenya anayepitia Uganda huingia Tanzania kwa mpaka wa Mutukula. Huvuka mto Kagera pale Kyaka, ambapo daraja lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, kisha anaikuta Buhaya, nchi ya Wahaya. Toka hapo hadi Bukoba mjini, na kusini zaidi hadi Muleba, mara ni uwanda wa nyasi usio na nyumba, mara migomba imesongamana na nyumba zimo ndani yake, mara nyasi tena. Uwanda huo wa nyasi ndio rweya. Penye migomba na nyumba ndipo kibanja.

Mgeni hudhani kwamba wazee walichagua udongo mzuri wakauacha mbaya. Sivyo. Udongo wa Buhaya, nchi ya migongo ya mawe ya mchanga, ni hafifu, na mvua, ambayo Bukoba hufika milimita 2,000 kwa mwaka, huosha hata rutuba ndogo iliyopo. Udongo mweusi wa kibanja umetengenezwa na watu. Kizazi baada ya kizazi walikata nyasi za rweya, wakazibeba kichwani na kuzitandaza chini ya migomba. Ng'ombe walichungwa rweya mchana, wakalala nyumbani usiku, samadi yao ikaenda shambani. Maganda ya ndizi, majivu ya jikoni, majani makavu, vyote hurudishwa ardhini. Sijaona katika mkoa mzima jengo linaloishinda kazi hii.

Ndani ya kibanja migomba ya kupika imechanganyika na ya pombe na ya gonja za kuchoma, na chini yake ipo mibuni ya robusta, maharage na magimbi. Makaburi ya wazee pia yamo humo. Kwa hiyo kuuza kibanja cha ukoo ni jambo zito, na kwa mila mwanamke hakuruhusiwa kabisa kukiuza. Mama mmoja wa Muleba alirithi ardhi kwa baba yake kwa wosia, akaiuza kwa mtu wa nje ya ukoo, akashtakiwa na ndugu. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu kule Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki, na wanasheria wa Afrika Mashariki wanaitaja hadi leo.

Chakula chenyewe cha Wahaya ni ndizi mbichi zilizomenywa, zikapikwa nzima na maharage mpaka mchuzi uwe mzito. Waganda hufunga matoke kwa majani, wakayapika kwa mvuke na kuyaponda. Mhaya hutaka aione ndizi yake. Akila wali tu atakwambia bado hajala. Asubuhi hotelini utapata katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na nyama au utumbo. Ndizi za pombe huivishwa, zikakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi hadi maji yake yatoke, yakatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yakaachwa yachachuke ndani ya gogo lililochongwa mfano wa mtumbwi. Hiyo ndiyo rubisi, na bila rubisi mahari na matanga hayakamiliki. Mgeni naye hupewa kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na maganda yake pamoja na majani ya kunukia, kisha ikakaushwa.

Tangu miaka ya 2000 vibanja vina adui mkubwa: mnyauko wa bakteria, ambao wenyeji huuita unyanjano. Majani hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Wadudu huubeba kutoka ua hadi ua, na panga huubeba kutoka mgomba hadi mgomba. Hauna dawa. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Maruku, karibu na Bukoba, wanafundisha kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, kupitisha panga motoni, na kung'oa mgomba ulioathirika. Penye jirani mmoja asiyefuata, wote hupoteza.

Ukienda Bukoba, kula ushibe na ununue kahawa. Lakini tafadhali usirudi nyumbani na chipukizi la mgomba, hata ukizawadiwa, maana linaweza kuonekana zima na ugonjwa umo ndani.