Capitalism II: soko la kompyuta lisilo na deni wala mpaka

MTU akikuambia kwamba ndani ya wiki moja amefungua maduka kumi, kiwanda cha mikoba ya ngozi na shamba la ng'ombe, tena bila kutoka chumbani kwake, utadhani anakutania. Lakini watu wa namna hiyo wapo, na si wachache. Ni wapenzi wa michezo ya kompyuta ya biashara, na baadhi yao wamekuwa wakiendesha kampuni hizo za kubuni kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mchezo mmoja unaobishaniwa sana miongoni mwao ni Capitalism II. Ulitengenezwa na Enlight, kampuni ya Hong Kong, chini ya mbunifu wake Trevor Chan, na ukaingizwa sokoni na Ubi Soft mwaka 2001. Kabla yake ulikuwepo Capitalism wa kwanza, wa mwaka 1995. Baada yake ukaja Capitalism Lab mwaka 2012, ambao umekuwa ukiongezewa mambo mapya.

Kwa nini tuuzungumzie hapa? Kwa sababu mchezo huu unasifiwa kuwa unafundisha biashara. Nao wapo ndugu zetu waliorudi nyumbani na akiba kidogo, na ujuzi wa kompyuta walioupata ugenini, lakini hawajawahi kukaa nyuma ya meza ya duka. Mtu kama huyo akiambiwa kuna mchezo wa kumfundisha kuuza kabla hajagusa mtaji wake, lazima atasikiliza. Basi na awasikilize kwanza waliokwisha kuucheza.

Mchezo wenyewe uko hivi. Unapewa fedha na mji. Mjini kuna bandari ambako bidhaa za nje hupatikana. Unajenga duka, unanunua bandarini kwa bei ya jumla, unapanga bei yako ya rejareja, na siku zinaanza kukimbia. Kila jengo lina nafasi tisa tu za kazi: kununua, kuhifadhi, kutengeneza, kutangaza, kuuza. Ukitaka duka lako liwe na bidhaa nne, nafasi nne zitakwenda kwenye kununua na nne kwenye kuuza. Inabaki moja. Uiweke matangazo au stoo? Hapo kichwa kinaanza kuuma.

Mnunuzi naye hupima mambo matatu: bei, ubora na jina la bidhaa. Uzito wa kila jambo hubadilika. Kuna bidhaa ambazo bei ndiyo inayoamua, na kuna nyingine, kama manukato, ambazo mtu hulipa zaidi kwa ajili ya jina. Kompyuta inakuonyesha alama ya bidhaa yako kando ya zile za wapinzani, yakiwemo maduka madogo ya mtaani.

Hapa ndipo sifa nyingi za wachezaji zinapoelekea. Wanachosema ni kwamba mchezo huu uliwafumbua macho kuhusu tofauti ya mauzo na faida. Duka linaweza kujaa wateja na bado likala hasara, kwa kuwa gharama za jengo na wafanyakazi zinakatwa uuze usiuze. Mzigo ukitoka mbali, nauli yake inaingia kwenye bei ya kununulia, na ile faida uliyoiona kwa macho inayeyuka. Mwenye duka mpakani atacheka kusikia kwamba mtu alihitaji kompyuta ili ajue hayo. Lakini asicheke sana. Wapo wenye maduka ya kweli wanaohesabu fedha iliyomo kwenye droo jioni na kuiita faida, na kesho yake wanashindwa kununua mzigo.

Sifa nyingine ni ya mnyororo wa bidhaa. Ng'ombe anatoa ngozi, ngozi inakwenda kiwandani, kiwanda kinatoa mikoba, mikoba inakwenda dukani. Ikikwama sehemu moja, zote zinasimama. Wachezaji wanapenda ule muda wa kutafuta kikwazo kilipo. Unadhani duka halina wateja, kumbe shamba halitoi ngozi ya kutosha na kiwanda kinafanya kazi nusu. Wengine wanasema raha yote ya mchezo iko hapo, wala si katika kuhesabu mamilioni.

Malalamiko nayo hayakosekani. Kwanza ni ugumu wa kuanza. Mchezo una vibonyezo vingi, na mgeni huzama katika majedwali kabla hajauza hata kitu kimoja. Picha zake hazikuwahi kuwa kivutio hata zilipokuwa mpya, na leo zinaonekana za kizamani kabisa. Hayo tuyapite, kwa sababu mtu anayetafuta picha nzuri ana michezo mingine tele.

Lalamiko zito zaidi ni la wapinzani. Kampuni zinazoendeshwa na kompyuta, wanasema wakongwe, zinakusumbua mwanzoni tu. Ukishajua mbinu huzihofii tena. Mbinu inayotajwa mara nyingi ni ya soko la hisa: unauza hisa za kampuni yako, fedha unayoipata unanunulia hisa za mpinzani, na siku moja anaamka akikuta wewe ndiye mwenye kampuni yake. Wengine wanaona hiyo ndiyo biashara kubwa yenyewe ilivyo. Wengine wanasema ni mwanya, kwa kuwa mpinzani wa kweli angejitetea, na wamejiwekea mwiko wa kutougusa.

Kuna mbinu ya pili, nayo ndiyo inayomtia hofu mwandishi wa makala haya. Ni kushusha bei hadi chini ya gharama, kuvumilia hasara mpaka mpinzani aondoe bidhaa yake sokoni, kisha kuipandisha upya. Kwenye mchezo inafaa. Inafaa kwa sababu mchezaji ana mfuko mrefu, benki inampa mkopo, na mambo yakiharibika anarudi pale alipohifadhi mchezo na kuanza tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama anayevusha kreti mbili za nyanya hana pa kurudi. Akiuza siku tatu chini ya gharama mtaji umekatika, na huyo anayeshindana naye pengine ni jirani yake ambaye kesho atamhitaji amshikie mzigo.

Wachezaji wenyewe wanalibishania jambo hili la kurudi nyuma. Wako wanaosema mchezo ni mchezo, kila mtu acheze apendavyo. Wako wanaosema kwamba anayerudi nyuma kila anapokosea hajajifunza chochote, maana kilicho kigumu katika biashara ni kuamua bila kujua kesho, kisha kubaki na uamuzi wako. Hoja hii ya pili ina uzito. Kama kuna kijana anayetaka kuutumia mchezo huu kwa mazoezi, aanze na sharti hilo: akifilisika, amefilisika.

Sasa tuje kwa yale ambayo mchezo hauna kabisa, na ambayo msomaji wa mpakani atayagundua kabla ya saa moja kupita.

Hakuna kupatana bei. Mteja wa Capitalism II anaiona bei na ananunua, au anakwenda kwingine. Hasemi "nipunguzie", hajifanyi anaondoka, harudi. Hakuna kukopesha pia. Dukani kila kitu ni taslimu, hakuna daftari la madeni, hakuna shemeji anayechukua mafuta ya kupikia na kuahidi mwisho wa mwezi. Mfanyabiashara mdogo anajua kwamba nusu ya akili yake ya kila siku inakwenda kwenye kuamua nani akopeshwe na nani akataliwe bila kuvunja undugu. Hiyo nusu nzima mchezo umeiacha.

Tena sarafu ni moja. Unauza kwa dola, unanunua kwa dola, mji huu na ule. Anayenunua kwa faranga na kuuza kwa shilingi, au kinyume chake, anajua kwamba faida ya wiki nzima inaweza kuliwa na wabadilisha fedha asubuhi moja. Wakati mwingine mzigo haukuongeza kitu, ni sarafu iliyoongeza.

Na mpaka haupo. Bidhaa inatoka mji mmoja kwenda mwingine kwa kulipa nauli tu. Hakuna forodha, hakuna fomu, hakuna kuuliza kama mzigo unaingia katika utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa za wanachama zisizozidi thamani ya dola 2,000. Wala hakuna kuamka na kukuta njia imefungwa. Tangu Februari 2019 biashara ya Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ilikwama, na mpaka ukafunguliwa tena Januari 31, 2022. Katikati ya muda huo, Machi 2020, ikaja corona na mipaka mingi ya eneo letu ikafungwa kwa wasafiri. Aliyekuwa na duka lililotegemea mzigo wa ng'ambo hakuwa na kibonyezo cha kusimamisha siku.

Ili kuwatendea haki watengenezaji, ni lazima isemwe kwamba Capitalism Lab umepata nyongeza zinazoleta benki na utawala wa mji, na wakongwe wengi wanasema huo ndio wa kucheza leo. Lakini kupatana bei bado hakuna.

Ajabu ni kwamba mchezo wenye kupatana bei ulikwisha kutengenezwa zamani. Unaitwa M.U.L.E., wa mwaka 1983, kazi ya Dani Bunten na wenzake wa Ozark Softscape, ukauzwa na Electronic Arts. Watu wanne wanakaa mbele ya kompyuta moja, kila mmoja analima au kuchimba katika sayari ya mbali, kisha unafika mnada. Wauzaji wanasimama juu ya kioo, wanunuzi chini. Muuzaji akitembea kushuka, bei yake inashuka. Mnunuzi akipanda, anaongeza. Wakikutana, biashara imefanyika. Waliowahi kuucheza wanakumbuka zaidi kelele kuliko picha: huyu anamsihi yule ashuke kidogo, yule anakaza kwa kuwa anajua mwenzake hana chakula na muda unakwisha. Nao wanasifu jambo jingine, kwamba ukiwabana wenzako hadi koloni nzima ikose chakula, hata wewe tajiri unaharibikiwa.

Mchezo mwingine wa zamani ambao nadhani uko karibu zaidi na mwenye mtaji mdogo ni Lemonade Stand. Uliandikwa mwaka 1973 na Bob Jamison kwa ajili ya MECC, shirika la elimu la jimbo la Minnesota nchini Marekani, na baadaye ukaenea na kompyuta za Apple II. Unauza maji ya limau barabarani. Mtaji wako ni dola 2. Kila asubuhi unaambiwa hali ya hewa, unaamua utengeneze glasi ngapi, uweke mabango mangapi kwa senti 15 kila moja, na glasi moja uiuze bei gani. Siku za kwanza glasi inakugharimu senti 2, kisha unapata taarifa kwamba mama ameacha kukupa sukari ya bure na gharama inapanda. Siku nyingine wanakuja mafundi wa barabara: ama wanaziba njia usipate mteja, ama wanakunywa glasi zako zote mchana. Na ikipiga mvua ya radi, ulichotengeneza chote kimekwenda.

Watu wazima waliocheza hayo shuleni huyakumbuka kwa furaha, ingawa wapo wanaosema ni bahati tu na si akili. Sikubaliani nao sana. Yule sukari-ya-mama ni somo ambalo Capitalism II hauna: biashara nyingi ndogo zinaonekana zina faida kwa sababu kuna mtu wa nyumbani ambaye hajalipwa.

Mvua inatukumbusha RollerCoaster Tycoon wa Chris Sawyer, uliotoka mwaka 1999, ambamo unaendesha bustani ya mabembea na kuuza vyakula na miavuli. Wachezaji waligundua mapema kwamba mvua ikinyesha unaweza kupandisha bei ya mwavuli mara nyingi na bado wageni watanunua. Wengi wanalisimulia hilo kwa kicheko. Mgeni wa kwenye kompyuta hukinunua kile kile na kuondoka zake. Mteja wa kijijini aliyeuziwa sukari kwa bei ya mpaka uliofungwa atakukumbuka hata njia ikifunguliwa.

Turudi kwa Capitalism II, kwa anayetaka kuujaribu. Mwanzoni mchezo unakuuliza unataka mtaji wa kiasi gani, na wageni wengi huchagua mkubwa. Wakongwe wanashauri kinyume chake, uchague ule mdogo kabisa. Kwa fedha hiyo ni vigumu kupigana vita ya bei. Unaweza kufungua duka moja, kuchagua bidhaa mbili au tatu za bandarini ambazo wapinzani hawajaziwahi, na kuzingoja zizunguke kabla ya kuongeza nyingine. Wanasema miezi ile ya kwanza, ambapo kosa moja la bei linatosha kukumaliza, ndiyo pekee inayowatoa jasho.