Delko ikilowa, samaki wanaharibika njiani

Kwa wanaobeba samaki kutoka ziwa Tshangalele kwenda kuuza Likasi, motokari kuzimika njiani ni hasara: samaki hawangoji. Kwenye motokari za zamani za esansi, wakati wa mvua, mara nyingi shida iko kwenye delko.

Delko inapokea umeme mkali kutoka bobini na kuugawa kwa kila buji, kwa zamu yake. Jina hilo limetoka kwa Delco, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1909. Maji au vumbi vikiingia chini ya kofia yake, umeme unatoroka pembeni: moteri inakohoa, kisha inazimika.

Basi kabla mvua hazijaanza, zima kontakti, fungua kofia, ipanguse ndani na nje kwa kitambaa kikavu. Ukiona mstari mweusi mwembamba kama unywele, umeme umeshajichomea njia pale. Kupangusa hakutoshi, badilisha kofia. Tia alama kwenye nyaya za buji kwanza, zisichanganyikane.

Na kama platine za ndani zinaungua kila mara, mwambie fundi apime kondansateri. Ikiwa imekufa, hata platine mpya zitaungua.